Kupima khukuri kubwa kwa mwanzi mnene

Ukipata khukuri mpya, kile kisu kikubwa cha Nepal chenye ubapa uliopinda, kukata karatasi au kunyoa vinyweleo vya mkono kutakuonyesha jambo moja tu: kwamba imenolewa. Hutajua kama mhunzi alikipoza chuma chake ipasavyo, kama mpini umeshika, wala kama makali yatakuwepo bado baada ya kukutana na kitu kigumu. Hayo utayajua kwa mwanzi mbichi, mnene, wenye ukuta wa sentimita moja au zaidi.

Nasisitiza mwanzi kwa sababu huko kwao ndiyo kazi ya khukuri. Mashariki ya Nepal, Bhojpur, Dharan mpaka Ilam, mianzi hukatwa ya kujengea na ya kuzungushia ua, na hupasuliwa nyuzi za kusukia doko, tenga kubwa linalobebwa mgongoni kwa mkanda wa kupitisha kwenye paji la uso. Sikukuu ya Dashain ikikaribia, hukatwa mianzi mirefu mibichi, ikasimamishwa na kufungwa kwa kamba hadi ikawa linge ping, bembea ya kijiji kizima. Na hata kwetu hiki si kisu cha mbali sana: askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza la Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, katikati ya misitu ya mianzi, walikuwa katika Jeshi la 14 la Uingereza pamoja na Wagurkha, askari wa asili ya Nepal, waliokibeba kiunoni.

Ninapoandika "kubwa" nina maana ya ubapa wa sentimita 33 hadi 40 na uzito unaokaribia kilo moja. Zile za kawaida, za ubapa wa sentimita 25 hadi 28, hupimwa kwa njia hii hii ila kwa mwanzi mwembamba zaidi.

Ijue kwanza ilivyotengenezwa

Usiruke sehemu hii, maana bila kuielewa utasoma matokeo vibaya na kumlaumu mhunzi asiye na kosa.

Khukuri nyingi za kazi hufuliwa kutokana na springi za malori. Mhunzi hukipasha chuma moto, akakifua kwa nyundo mpaka kikapata umbo, kisha huja hatua inayoamua kila kitu. Ubapa ukiwa mwekundu, huchukua birika na kumimina mkondo mwembamba wa maji kwenye makali peke yake, akienda na kurudi. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo, wenye unene wa milimita 8 mpaka 12, hubaki na moto wake na kupoa polepole, kwa hiyo hubaki laini, wenye uwezo wa kupokea kishindo bila kuvunjika. Joto lililobaki mgongoni hurudi kidogo kwenye makali na kuyapunguzia wepesi wa kumeguka. Kazi yote hiyo hufanywa kwa jicho, kwa kuangalia rangi ya chuma tu.

Matokeo yake ni kwamba makali hayana ugumu mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Tumboni, pale ubapa unapopanuka baada ya kupinda, ndipo pagumu kuliko pote, kwa kuwa ndipo panapokata. Kuelekea ncha ugumu hupungua kiasi. Karibu na mpini, jirani na ule mkato mdogo uitwao kaudi, ni laini kabisa, na inatakiwa iwe hivyo. Kipimo cha haki kinaziangalia sehemu hizo tatu mbalimbali.

Na haki hiyo ina uzito wake. Wahunzi wa khukuri kwa karne nyingi wametoka katika jamii ya Kami, ambao wengi siku hizi hutumia jina la Bishwakarma, watu ambao katika mfumo wa matabaka ya kurithi walihesabiwa kuwa hawagusiki hata walipokuwa wanafua kisu ambacho taifa zima linajivunia. Sheria ya mwaka 1963 iliondoa msingi wa kisheria wa ubaguzi huo, lakini dharau haikuisha siku hiyo. Mtu anayetangaza kwamba khukuri ya fundi fulani ni mbovu kwa sababu yeye mwenyewe aliipinda ndani ya kifundo cha mwanzi anamnyima fundi huyo riziki.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kukata

Anza na namna ya kuitoa. Ala ya khukuri, dap, ni vipande viwili vya mbao vilivyovikwa ngozi ya nyati wa kufugwa. Makali yakiegemea upande wa mshono wakati unavuta, yanaweza kupenya na kukukata vidole. Shika ala upande wa mgongo wa kisu, vidole vyako vyote vibaki upande huo, kisha vuta taratibu mgongo ukiwa umeegemea mbao. Kwenye ala utakuta pia visu viwili vidogo. Karda ina makali. Chakmak ni butu, ya kunyooshea makali yaliyolala. Iweke karibu, utaihitaji.

Tazama ubapa kwa kuuelekeza machoni, mpini ukiwa karibu nawe, uone kama umenyooka. Piga ngumi nyepesi kwenye mpini huku umeushika kwa mkono mwingine: usisikie mtikisiko wala mlio wa kitu kilicholegea. Mipini mingi hushikizwa kwa laha, lakiri ya asili ambayo hulainika ikipata joto. Khukuri iliyoshinda ndani ya gari juani inaweza kuwa imelegea kabla hujaipiga hata pigo moja.

Sasa tafuta nyufa. Maji yanayopoza makali ghafla yanaweza pia kuyapasua, na ufa wa namna hiyo mara nyingi hauonekani kwa macho. Paka mafuta ya taa kwenye makali yote, subiri dakika kumi na tano, futa mpaka pakauke kabisa, kisha paka vumbi la chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Ukiuona mstari huo ukitoka kwenye makali kwenda juu, kipimo kimeishia hapo. Usikate kitu kwa khukuri hiyo.

Kisha chukua tupa ndogo mpya na uipitishe kwa mkono mwepesi sehemu zote tatu, karibu na makali. Tumboni inapaswa kuteleza au kuuma kwa shida. Karibu na mpini itauma. Mgongoni itauma kwa urahisi. Ikiuma tumboni sawasawa na inavyouma mgongoni, jua kwamba makali ni laini, na mwanzi utathibitisha. Chora kwa maka peni mistari miwili ubavuni mwa ubapa ili ujue sehemu ya karibu na mpini inaishia wapi, tumbo liko wapi na ncha inaanzia wapi.

Mwisho, inoe. Khukuri nyingi za dukani huja na makali butu au yaliyopitishwa kwenye mashine ya kusaga kwa haraka. Noa kwa jiwe au kwa msasa uliowekwa juu ya kitu laini, ubakize ule mbinuko mdogo wa makali wa asili, kama digrii 20 hadi 25 kila upande. Usiyafanye membamba kama ya kisu cha samaki. Kwa mwanzi yatameguka. Khukuri butu nayo ni hatari kuliko kali, kwa kuwa hudunda kwenye ganda la mwanzi na kwenda usikotaka.

Hatua ya pili: chagua mwanzi

Mwanzi unaofaa ni mbichi na uliokomaa, wa miaka mitatu au zaidi. Mwanzi hufikia urefu wake wote katika msimu mmoja, kwa hiyo urefu hausemi umri. Mchanga una unga mweupe kwenye ganda na bado umevaa magamba kwenye vifundo. Huo hukatika kwa kisu chochote na kukupa sifa za bure. Uliokomaa umeacha magamba, rangi imefifia, na ganda lina madoadoa ya ukungu.

Huko Nepal, dhanu bans, yaani Bambusa balcooa, ndio mwanzi wenye ukuta mnene unaotumika kujengea, nao hupima kisu kweli. Tama bans, ule ambao machipukizi yake huliwa, una ukuta mwembamba na haufai kwa kazi hii. Afrika Mashariki, Bambusa vulgaris inayoota kando ya mito inatosha: unene wa sentimita 7 hadi 10, ukuta wa milimita 10 hivi ukiukata chini karibu na ardhi.

Mwanzi mkavu uache. Ganda la mwanzi lina silika, madini magumu kama ya mchanga, inayokula makali hata ukiwa mbichi, na ukikauka nyuzi zake zinakuwa ngumu kiasi kwamba mapengo kwenye makali hayatakuambia kama kosa ni la chuma au la mwanzi.

Kata kipande cha mita mbili kwa msumeno, si kwa khukuri yenyewe, ili makali yaanze kipimo yakiwa mapya. Wala usipime kwenye kichaka. Mianzi iliyoinama imebeba mvutano. Ukiikata upande wa nje hupasuka kwenda juu na kurusha kipande usoni.

Hatua ya tatu: simamisha mwanzi, jipange

Chimba shimo la nusu mita, chomeka mwanzi, shindilia udongo na mawe mpaka usitikisike. Mwanzi unaoyumba hunyonya nguvu ya pigo, na utadhani kisu ndicho kibaya. Usiuegemeze ukutani, na asiwepo mtu wa kukushikia. Huko Nepal kila nyumba ina achano, gogo la kukatia; lako liwe karibu kwa ajili ya vipande vya kulaza. Jiwe au saruji visiwe popote ambapo ubapa unaweza kufika.

Watu wasimame mita tano nyuma yako. Vaa buti, suruali nzito na miwani ya kukinga macho. Mkono unaokata uwe mkavu, bila glovu inayoteleza. Mipini mingi ya asili ina tuta la mviringo katikati. Likae kati ya kidole cha kati na cha pete. Miguu iachane upana wa mabega, yote miwili nyuma ya njia ya ubapa. Kabla ya pigo lolote, pitisha khukuri polepole hewani mpaka mwisho wa mzunguko wake na uangalie ingeishia wapi kama mwanzi usingekuwepo. Ikiishia kwenye goti lako, badili msimamo.

Hatua ya nne: kata

Anza na mwanzi mwembamba wa sentimita tatu ili mkono uzoee uzito. Kisha nenda kwenye mnene.

Pigo la kwanza liwe la mshazari, kutoka juu kwenda chini, kwa digrii 45 hivi, katikati ya pingili. Sababu iko kwenye mwanzi wenyewe: nyuzi zake zote zimelala kwa urefu, na msongamano wake ni mkubwa zaidi upande wa ganda. Ukikata ubapa ukiwa umelala sambamba na ardhi, makali yanakutana na nyuzi zote kwa pamoja, na ukuta hupondeka kabla ya kukatika. Ukisimamisha ubapa mno, unapasua badala ya kukata. Mshazari huingia kidogo kidogo.

Piga kwa tumbo la khukuri. Nguvu inaanzia begani, inapita kwenye kiwiko, na kifundo cha mkono kinamalizia. Vidole vimelegea kidogo njiani na kukaza pale makali yanapogusa. Uzito wa kisu ndio unaofanya kazi, na mpindo wake unayavuta makali kwenye ganda bila wewe kufanya jitihada yoyote. Mtu anayekaza misuli tangu mwanzo huchoka baada ya mapigo machache na ubapa huanza kuyumba. Pigo zuri lina mlio mmoja mfupi. Ukisikia mlio wa kupasuka ukifuatia, ubapa uliingia ukiwa umeinama upande.

Kuwa macho na kipande kinachoanguka. Mwanzi uliokatwa mshazari una ncha kali, na sehemu ya juu haianguki kando mara zote: huteleza chini wima juu ya kisiki chake na kuchoma mguu. Ukimaliza pigo, rudi nyuma hatua moja.

Khukuri ikikwama, usiipindue. Hapa ndipo makali mengi mazuri huharibika, kwa kuwa chuma kigumu huvumilia kishindo cha mbele lakini si kusukumwa ubavuni. Ivute nyuma kwa njia ile ile iliyoingilia, au gonga mgongo wake kutoka chini kwa kipande cha mti.

Piga mara kumi kwa tumbo, kwenye pingili. Simama, futa, kagua kama nitakavyoeleza. Kisha mapigo matano kwenye vifundo, ambako nyuzi zinapishana na ndani kuna ukuta wa kukingama. Kifundo ndicho kinachotenganisha chuma kizuri na cha wastani. Malizia na mapigo machache ya sambamba na ardhi. Sehemu ya ncha ijaribu kwa matawi na vipande vyembamba. Sehemu ya karibu na mpini ijaribu kwa kuchonga na kupasua nyuzi, maana ndiyo kazi yake. Kuipigisha kwa nguvu kwenye kifundo ni kuionea.

Hatua ya tano: soma makali

Futa utomvu, elekeza makali juu chini ya jua au taa. Makali mazima hayaakisi mwanga. Kila kinukta kinachong'aa ni mahali palipolala au kumeguka. Pitisha pamba kando ya makali; itanasa kwenye kasoro ambayo jicho limeikosa. Kisha gusa kwa ukucha, kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, pande zote mbili: upande mmoja ukiteleza na mwingine ukikwama, makali yamelala.

Makali yaliyolala kidogo karibu na mpini ni jambo la kawaida. Yapitishie chakmak kwa mkono mwepesi, upande huu na upande ule, yatasimama. Yakilala tumboni, ama ni membamba mno au chuma ni laini. Yanoe kwa pembe pana zaidi na urudie. Yakilala tena mahali pale pale, na tupa nayo iliuma pale, umepata jibu.

Yakimeguka tumboni, chukua lenzi uangalie ndani ya pengo. Kipengo kidogo chenye uso laini mara nyingi hutokana na makali membamba au ubapa uliopinduliwa. Uso wenye chembechembe kubwa zinazometameta ni habari nyingine: chuma kilipata moto kupita kiasi kwenye tanuri, na hilo halirekebishwi kwa jiwe la kunolea.

Kuna jambo moja linalowadanganya wengi. Mashine ya kusaga inaweza kuunguza ngozi nyembamba ya makali siku khukuri ilipomaliziwa, na ugumu wa ngozi hiyo ukapotea. Kwa hiyo khukuri iliyoshindwa kipimo cha kwanza ipewe cha pili. Noa kwa mkono mpaka milimita moja ya mwanzo iondoke, halafu rudi kwenye mwanzi. Ziko khukuri nyingi zinazoonekana za hovyo siku ya kwanza ambazo chini ya ngozi hiyo ni chuma safi kabisa.

Tazama tena unyoofu wa ubapa na ugonge mpini. Ubapa uliopinda kwa mwanzi mbichi ni mlegevu. Mpini uliolegea si mwisho wa khukuri: fundi hupasha moto laha na kuushikiza upya.

Vipande vya mwanzi navyo vinasema, kwa ufupi: uso laini unaong'aa ni pigo safi, uso wenye nyuzi zilizochanika ni makali butu, ganda lililovuliwa kama utepe upande wa kutokea linaonyesha kasi ilikwisha kabla ya kumaliza.

Baada ya kipimo

Visiki vya mshazari vikate sawasawa kwa msumeno kabla hujaondoka, na okota vibanzi vyote. Mtoto akikikanyaga kimoja ni jeraha baya, na vibanzi vya mwanzi huingia ndani sana.

Utomvu wa mwanzi hutia doa chuma ndani ya saa chache. Osha, kausha, paka mafuta. Nepal hutumia ya haradali. Mimi napendelea mafuta ya cherehani, kwa sababu ya kupikia huganda na kunata baada ya muda. Kwa aliye Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi itakula chuma hiki hata kikining'inia ukutani tu, kwa hiyo kifute na kukipaka kila wiki mbili. Usikihifadhi ndani ya ala muda mrefu, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Kama ilipata jasho au maji siku ya kipimo, iache wazi kivulini siku nzima kabla ya kurudisha khukuri ndani.

Ukiwa na malalamiko, au sifa, mwandikie muuzaji na umtumie picha tatu: sehemu ya mpini, tumbo na ncha, pamoja na kipande cha mwanzi kilichopigwa picha kando ya rula ili unene wa ukuta uonekane. Mwombe aifikishe kwa fundi. Kwa picha hizo mhunzi atajua mkondo wa maji ya birika ulipungua wapi, na khukuri inayofuata ataipoza akijua hilo.